Gunia Moja, Wanunuzi Wawili

Jumamosi. Mvua imeanza baada ya chakula na bado haijaamua kama inanyesha ama inacheza. Viazi vyangu viko nje chini ya nailoni. Sijatoka kuviangalia.

Sisikii kitu. Si uchungu, si hasira. Ni kama mguu uliolala.

Binti yangu Nekesa, yule alinifungulia huu ukurasa akasema "Mathe, andika tu vile unaongea," anafundisha falsafa chuoni hapa mjini, kwa kandarasi. Walimu kama yeye waliambiwa anayetaka kuajiriwa kabisa lazima makala yake itoke kwa jarida la wasomi. Akaandika kuhusu ahadi: ukiahidi mtu kitu na afe, bado ahadi inakushika? Alinieleza tukichambua maharagwe. Nikamwambia kwetu hata mtoto anajua jibu.

"Najua, Mathe. Lakini hawa wanataka sababu."

Akatuma. Jarida likanyamaza mpaka mahindi yaliyokuwa yanapandwa yakavunwa. Yeye alingoja vizuri. Mimi ndiye sikuweza. Kandarasi ilikuwa inaisha, na mimi nikianza kuhofia kitu hata ugali nausahau kwa moto.

Hapa Rhonda nauza viazi kutoka Keringet. Gunia likibaki moja na wenye chips ni wawili, unaambia wote liko. Atakayefika kwanza abebe. Hakuna wa kununa, soko ni soko. Nikamwambia Nekesa afanye hivyo, apelekee jarida lingine pia. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia jioni, nikampigia simu akiwa darasani. Akasema haikubaliwi, kwamba ukituma unaweka alama mahali kuthibitisha hujapeleka kwingine.

"Hata harusini watu huulizwa kama kuna pingamizi," nikamwambia, "na wenye pingamizi wananyamaza wakule pilau."

Akacheka. Jioni hiyo akatuma kwa jarida la pili.

Kumbe wale hawanunui hivyo. Jarida linatafuta mjuzi wa hayo mambo, linampa makala bila jina la mwandishi, yeye anaisoma bure na kusema kama inafaa. Na wajuzi wa ahadi za marehemu si wengi duniani.

Majarida yote mawili yalipelekea mtu mmoja.

Jana majibu yakaingia. Yote yamekataa. Moja linasema asiwatumie tena kitu chochote. Hakuna lililosema makala ni mbaya, na hilo ndilo naliangalia kama mtu anayeangalia ukuta.

"Makala ya ahadi, Mathe," Nekesa akasema. "Ya ahadi!" Akacheka mpaka akakohoa, nikamshikia kikombe cha maji.

Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu, ningejua pa kuweka mikono. Nimefua nguo zilizokuwa safi. Mama Brayo wa mlango wa pili ameniuliza kama kuna msiba, nikasema hapana, nikaendelea kusuuza.

Mhariri mmoja ameandikia mkuu wa idara ya Nekesa. Jumatatu anaitwa ofisini. Kazi itaendelea ama itaishia hapo.

Leo asubuhi alikuja akaketi kitandani kwangu, akiwa bado na kilemba cha kulalia. Akauliza, "Mathe, nimwambie ukweli, ama niseme nilibonyeza kwa makosa?"

Nikasema aseme ni mimi nilimtuma.

"Mtu mzima kama mimi niende kusema ni mama? Si watanifukuza wakicheka!"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kumwambia huyu mtoto tangu azaliwe, nikamfunika miguu na blanketi. Mwishowe nikasema, "Sema ukweli." Sauti ilitoka ndogo, hata sikujua kama ni yangu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupasi nguo ya Jumatatu.

Baada ya yote niliyomwambia kumfikisha hapa, mbona bado anakuja kuniuliza mimi?