Papa Asiyeliwa

Delia mwanangu,

Tangu ufariki, mwaka mzima, hujanijia ndotoni hata mara moja. Mama mkwe wangu, aliyenichukia, alinijia siku ya tatu. Wewe niliyekulisha uji kwa mkono wangu hospitalini, huna hata hodi? Umenikasirisha. Maneno haya ni yangu. Kalamu kaishika Zuhura, jirani yangu hapa mtaani Karantina, Jeddah, maana mimi shule niliiona kwa nje.

Kupika nyumba za watu nimeacha. Mgongo umekataa. Yule madam wetu kapata mpishi mwingine, nasikia anachemsha mchele kama anayefua nguo.

Nakumbuka tulipokuwa bado Riyadh, wewe ukilea watoto wa madam, mimi na masufuria. Ukanieleza, kwa kile Kiarabu chetu cha jikoni, kazi uliyoiacha kwenu Ufilipino: kuwapeleka wageni baharini kumtazama papa mwenye madoa, mrefu kuliko mashua. Kwetu Lamu tunamwita papa shilingi. Nikakuuliza, "Na akishatazamwa, nani anamkaanga?" Ukanuna siku mbili. Ya tatu ukaniambia, "Bibi, huyo samaki ndiye aliyemsomesha binti yangu Maricel." Sikujua kuna samaki anayelisha watu bila kuliwa.

Na ile siku madam alipotupeleka ufukweni hapa Jeddah. Watoto wanalia, yeye anaita yalla, yalla, haya twende, nawe umesimama tu, macho majini. Ulikuwa unatafuta kivuli cha papa wako. Kwanza kivuli, ukanifundisha, kisha kiongozi anatangulia kuingia majini, wageni nyuma yake, na mkono haumgusi papa. Sikukuona tena na uso ule.

Sasa nisikilize. Maricel amenipigia simu. Msimu huu papa hawakuja, mashua zimelala, na wakala amefika mjini kwenu kutafuta wasichana wa kazi za nyumbani Riyadh. Mwanao ameshapimwa afya. Jumamosi anasaini.

Ulinishika mkono pale kitandani ukasema, "Bibi, asije." Nimemwambia. Nimemwambia mamako alikuja huku na miguu yake, akarudi ndani ya sanduku. Nimesema kwa ukali, nikasema kwa upole, halafu nikalia. Mimi, Delia. Akanijibu, "Bibi, na hapa tule nini?"

Nimeshindwa na mtoto wako, na nakwambia usoni, sitaki ulisikie kwa mwingine.

Nakuombea kwa dini yangu, ya kwako siijui. Mungu atajua pa kuzipeleka dua zangu. Kwaheri, mwanangu. Akija, nitamtafuta huko Riyadh mlango kwa mlango, hata kwa mkongojo, na kafili wake, huyo mwajiri atakayemdhamini, atajua kwamba msichana huyu ana bibi. Hilo nakuahidi.

Ila ukijaliwa kutoka huko, usipoteze safari kuja ndotoni kwangu. Mimi nitangoja. Nenda kwa Maricel, kabla ya Jumamosi, ukamwambie mwenyewe.