Sauti Yangu, Uso wa Shiru

Jumanne, jioni

Bado nina hasira, hata mwandiko wangu leo haueleweki.

Miaka miwili nimeimba nafasi kuu katika mchezo wetu wa muziki hapa Pumwani. Sasa Mutua, mwelekezi wetu, amepata watu wa kuugeuza uwe filamu. Leo alituita ukumbini, akatuonyesha sinema ya zamani ya Hollywood ambayo nayo ilianzia jukwaani. Niliipenda sana. Nikasema, "Huyu dada anajua kuimba."

"Si yeye anayeimba," Mutua akajibu. "Anachezesha mdomo tu. Sauti ni ya mwanamke mwingine, na hata jina lake hawakuliandika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwende, na sisi tutafanya hivyo. Shiru, yule mrembo wa mtaa wa Fedha, ndiye ataonekana, wewe utamwimbia. Kamera inataka sura."

"Kwani sura yangu ina nini?"

Akaanza kuangalia simu yake.

Nilimwambia sitaimba, atafute mwingine. Hakuna mwenzangu aliyenitetea, hata Njeri, ambaye nilimfundisha kila wimbo mimi mwenyewe. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Naogopa. Njeri anaweza kukubali kesho, na hapo mimi sitakuwa na sura wala sauti.

Lakini kinachonikera zaidi ni mimi mwenyewe. Nilipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, nilienda moja kwa moja kwenye kioo. Nilisimama pale muda mrefu, nikitafuta alichokiona Mutua.