Kiti cha Dereva

Puseletso mjukuu wangu,

Krismasi mbili hujakanyaga hapa! Huko Bloemfontein umefungwa kamba? Mke wa mchungaji ndiye anayeniandikia, lakini ukali ni wangu.

Mahindi yamekubali. Ila baba yako simwelewi. Tangu ulipopindua lori lake kule mlimani, yeye akiwa kando yako, mkatoka wazima nawe ukakimbia, anaunda kilori cha rimoti, mfano wa lile lile. Kilipopinduka, alilegeza springi, akabandika vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu ndani ya rimu za mbele kipate uzito. Sasa kinapanda mawe kama mbuzi. Ndani yumo mwanasesere aliyejifunika blanketi kama la baba yako, kakaa upande wa abiria.

"Wewe Mohapi, gari gani halina dereva?" nilimwuliza baba yako.

"Dereva yuko Bloemfontein, Mama."

Ni hasira hiyo, au hamu? Nimemzaa mwenyewe na sijui. Kila siku hukifikisha karibu na kilele cha jabali la hapa nyumbani, kisha hukirudisha.

Ukija Pasaka, usianze na kuomba msamaha, atainuka aende zake. Mnyang'anye rimoti, ukipandishe kilori mpaka juu.

Bibi yako akupendaye na kukugombeza,
Mamohapi