Weusi Mwembamba

Mutanga Sud, 12 Septemba 1996

Baba mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai kifua kimepoa na hewa ya Kigoma inakufaa. Mi ni mzima, alhamdulillahi.

Umeniita mara tatu nivuke mpaka nije kwako. Apana, Baba, bado. Tangu mipaka ifungwe mafuta yameadimika, na kwa ajili ya vita makaa hayashuki tena kutoka milimani. Zahanati moja hapa jirani haina maji ya moto ya kuoshea vichanga. Mi na Rénovat, mwenzangu wa labo ya chuo kikuu, tunapaka bati oksidi ya kobalti, nyeusi kama masizi, ili jua lipashe maji. Mashini ya kupima mwanga inaonyesha mwanga wote unamezwa. Lakini maji yanabaki vuguvugu, na hatujui joto linatorokea wapi. Tukijua, nitakuja.

Binti yako,
Fadhila

Kigoma, 3 Oktoba 1996

Mwanangu Fadhila,

Waaleikum salaam. Kifua si kitu. Usingizi ndio sipati kwa ajili yako. Watu wanakufa huko, we unapima rangi nyeusi! Njoo. Ni amri ya baba.

Na hilo bati, mulilisugua? Nimefua mabati miaka thelathini. Rangi nzito juu ya bati chafu ni kazi bure. Lisugueni kwa majivu laini mpaka muone meno yenu ndani yake.

Baba yako,
Massoudi

Mutanga Sud, 20 Januari 1997

Baba,

Asalaam aleikum. Nisamehe kimya. Mwili ni mzima; moyo, apana.

Mwezi wa kumi na moja Rénovat alikwenda Kamenge kumuona mama yake, akapigwa risasi njiani. Tumemzika. Wiki tatu sikufungua labo. Kisha mama yake akaniletea daftari lake: "Mutoto wangu alisema mumekaribia. Maliza."

Nikasugua bati kwa majivu kama ulivyosema, nikapaka tabaka jembamba. Baba, ndiyo hiyo! Weusi mzito unameza jua, halafu unalirudisha hewani kama joto lisiloonekana, infraruji. Ukiwa mwembamba bado unameza jua, ila infraruji inaupita kama mwanga unavyopita kioo. Chini yake kuna bati linalong'aa, na hilo halitoi joto ovyo. Juzi maji yalifika digrii sitini na nane. Muuguzi aliungua kidole, akacheka.

Profesa ameniambia, "Ondoa jina la marehemu. Memwari ya kuhitimu ni ya mutu moja."

Nikamjibu, "Basi ondoa langu."

Nitaitetea mwezi wa tatu, majina mawili juu yake. Usiniite tena, Baba. Zahanati mbili zaidi zinanisubiri.

Binti yako,
Fadhila

Kigoma, 9 Februari 1997

Mwanangu,

Waaleikum salaam, na pole sana. Siku nne nilikaa na barua yako kwa hasira. Ya tano nikapita kambi ya wakimbizi, nikakuta wanawake waliojifungua wanachemshiwa maji kwa vijiti vibichi, moshi umejaa wodini.

Nimekata mabati sita. Nimeyasugua. Kobalti sina. Mpe Twahiru, aliyekuletea barua hii, chupa moja, na uandike vizuri tabaka liwe jembamba kiasi gani, maana mkono wangu umezoea kupaka nene.

Uniandikie pia jina kamili la yule kijana, herufi kwa herufi. Nataka kuligonga kwenye bati, na sitaki kulikosea.

Baba yako,
Massoudi