Bipu ya Adhuhuri

Antanimasaja, Mahajanga

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Barua hii usiisome mbele ya mama. Ingia chumbani, funga mlango, ndipo uendelee, maana mama akiuona uso wako atauliza, na wewe kudanganya hujui. Goti lake linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua niliyompa yule baharia wa kwetu Tanga, ilifika au aliipaka yeye njiani? Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Yaliyobaki ndiyo haya ninayokuandikia.

Ulinisema sana katika barua yako, kwamba nina simu ya mkononi na mume wangu anayo yake, ila sauti yangu mmeshaisahau. Bahili mimi ni bahili, nakiri, lakini ngoja nikueleze hali ya simu huku.

Tulianza kutafuta ya nyumbani. Soilihi alitaka ya waya, ikae mezani juu ya kitambaa kama za watu wa Amborovy wenye nyumba mpya. Ofisini kwa watu wa simu wakatuambia nguzo haijafika mtaa wetu, na hata ikifika kuna dhamana, kuna fundi wa kulipwa, halafu kuna ada ya kila mwezi, uongee usiongee. Nikamwambia Soilihi kunyamaza tunanyamaza bure nyumbani kwetu, ya nini kulipia? Alicheka mpaka karani akatutolea macho. Basi kuna wale kina mama wanaokaa barabarani chini ya mwavuli na simu juu ya kimeza, wanauza dakika. Kupiga Tanga kwao ni bei ya kuku mzima, na nusu ya kuku inaishia kwenye haloo, haloo, wanisikia?

Ndipo tukaingia kwenye za mkononi. Nilizunguka maduka yote nikiuliza bei mpaka wasichana wa dukani wakiniona wanajifanya wana kazi. Nikagundua mkiwa kampuni moja mnapigiana kwa nafuu, mkiwa mbalimbali mnaumia. Tukanunua kadi mbili za kampuni moja, yake na yangu. Lakini unajua Soilihi kazi yake iko kisiwani Nosy Be, anatengeneza jenereta za mahoteli, amepanga chumba Marodoka, na mshahara wenyewe si wa kuongea kila siku. Kwa hiyo tukawa tunabipu. Akishaswali adhuhuri ananipigia mlio mmoja tu, anakata. Maana yake niko salama. Sharti likawa moja, nisipokee kamwe, maana nikipokea tu salio lake linaanza kuliwa. Dada, zaidi ya mwaka mzima ndoa yangu ilikuwa mlio mmoja wa mchana, na nilitosheka nao.

Sasa kaa vizuri. Kabla ya Maulidi Soilihi alipanda meli ndogo ya mizigo aje nyumbani. Meli haikufika. Nilishinda bandarini siku baada ya siku, jua lote kichwani, kila anayetia nanga namuuliza. Mwishowe wavuvi wakaleta habari kwamba wameokota mapipa na mbao kaskazini huko. Mtu hakuokotwa hata mmoja, si hai wala maiti.

Ijumaa moja nikawa jikoni namenya muhogo, simu ikalia. Mlio mmoja. Nikatazama, jina lake. Nilipiga ukelele mpaka mama mkwe akatoka mbio chumbani kwake kule nyuma, kanga imemvuka. Nikamwambia amebipu, Soilihi amebipu, yuko salama. Bibi wa watu akakaa chini sakafuni akalia, huku anamshukuru Mungu kwa Kingazija, lugha ya kwao.

Nilipompigia nikaambiwa simu imezimwa. Kesho yake, wakati uleule, akabipu tena. Nikapiga, imezimwa. Ikawa hivyo kila siku. Kina mama wa mtaani walikuja na nguo za eda wamezikunja vizuri ndani ya kikapu, wakaanza kunipoza. Nikawafukuza. Niliwaambia mume wangu amebipu leo adhuhuri, ninyi mnamzika mna wazimu? Wakatazamana. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa karibu na ile simu. Mariamu, jirani yangu, ikikaribia adhuhuri akawa anawaita wanawe ndani na kufunga dirisha la upande wetu, na jinsi joto la hapa lilivyo, ujue ameogopa kweli.

Utaniuliza kwa nini sikupokea. Nilijiuliza na mimi. Kwanza mazoea. Halafu nilijiambia huko aliko labda hana pa kununua salio, nikilimaliza kwa pupa yangu, kesho atanibipu na nini? Na la tatu nilikuwa naogopa, dada. Sikujua naogopa nini, ila kila ikilia nywele za mikono zilinisimama, na furaha na hofu vikanijia pamoja.

Siku moja mkono ukapokea wenyewe. Sikusema kitu, nikasikiliza. Mbele ya nyumba yetu kuna fundi bati, anagonga ndoo zake tangu asubuhi. Nikamsikia kwa sikio la kulia, yuko pale nje, na nikamsikia kwa sikio la kushoto, yuko ndani ya simu. Pigo lilelile. Halafu mtu akakohoa ndani ya simu, na kikohozi hichohicho nikakisikia nyuma ya ukuta.

Nikaenda chumba cha nyuma nikasukuma mlango. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani na simu ya Soilihi sikioni, ananitazama. Hata hakuificha.

Kumbe safari iliyotangulia Soilihi aliua simu kwa maji ya chumvi, na hii ya pili aliiogopea. Kwa hiyo akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akampa mwenzake wa kazini aliyekuwa anavuka bara kwa boti kisha anakuja kwa gari. Yule mwenzake alipofika mimi nilikuwa bandarini, akamkabidhi mama mkwe. Mama akanyamaza nayo. Akawa anaizima, adhuhuri ikifika anaiwasha, ananibipu, anaizima.

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mkwe haambiwi. Alinisubiri nimalize, halafu akasema polepole:

"Nikibipu, wewe unapiga kelele kwamba mwanangu yuko salama. Mimi nilikuwa naisubiri hiyo kelele yako. Ukiisema wewe, nami naamini."

Tulilia wote wawili mpaka fundi bati akafunga kazi. Nikaitoa ile kadi, nikaikata kwa mkasi wangu wa kushonea, vipande nikavitia kwenye jiko la mkaa. Vilinuka vibaya. Nikamwita Mariamu nikamwambia alete kile kikapu. Nikaingia eda, hitima ikasomwa, watu wakala wakaenda zao. Mariamu nilimtuma na dukani kwa wale wasichana kuulizia namba ya Soilihi, wakamwambia imeshafungwa. Nikasema basi, Mungu ameamua, na usiku huo nililala usingizi kwa mara ya kwanza tangu meli ipotee.

Sasa sikia, na uniamini, maana kuanzia hapa hakuna mwingine niliyemwambia.

Tangu hapo mimi na mama mkwe hatuachani, tunapika pamoja, tunakula sahani moja. Jumatano tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tunachagua mchele, sinia moja, mikono yetu yote minne ndani ya mchele. Simu ya Soilihi ipo juu ya kabati, wazi mgongoni, haina kadi wala betri, naiona pale nilipokaa. Adhana ilikwisha, watu walishaswali, fundi bati alikuwa hajarudi kazini. Mtaa kimya.

Simu yangu ikalia. Jina lake.

Nilimtazama mama, naye akanitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikanyoosha mkono niichukue, nilikwisha kukata shauri kwamba mara hii napokea, nimwulize yuko wapi, nijue mimi ni mke wa mtu au mjane. Mama akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vimejaa vumbi la mchele, akanishika kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usipokee, mwanangu," akasema. "Utammalizia salio."

Ikakata. Tukaendelea kuchagua mchele.

Kesho yake ikalia tena. Na leo. Sipokei. Mama huja kukaa karibu nami kabla ya wakati, amejifunga kanga safi, na ikishalia huniambia haya, yuko salama, nenda kaswali. Na mimi naenda, Mungu anisamehe, na moyo wangu unatulia. Eda nimeikalia kwa nguo, lakini kwa moyo sijui nimekalia nini. Nenda kwa sheikh wa hapo mtaani umwulize mke wa namna hii hukumu yake ipi, usitaje jina langu. Mama yetu usimwambie kwamba nimefiwa, wala usimwambie kwamba sikufiwa. Hata mimi sijui ungemwambia nini.

Msalimie mjomba Hamisi, fundi wetu wa saa, mwambie kifua chake anywe maji ya moto na sigara aache. Wanao wote nawabusu, hasa yule mdogo wa mwisho aliyepewa jina langu. Shemeji mpe salamu za heshima. Shangazi, mlezi wetu, mwambie namwota sana siku hizi.

Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Kupokea huku ni bure, kwa hiyo mkipata za kupigia nipigieni, asubuhi, alasiri, hata alfajiri, sauti yangu mtaisikia. Ila adhuhuri yenu na yetu ni moja. Wakati huo msinipigie.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaidi