Madirisha ya Chini Yafungwe

Chumba namba 6,
Nyumba ya wapangaji ya Bi. Tharp,
Ottumwa, Iowa.
Jumapili, 9 Oktoba 2016.

Mpendwa dada yangu Arlene,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mahindi. Hujambo? Goti limepoa tangu ulipoteleza kwenye ngazi za kanisa? Na Shemeji Lester, bado anabishana na daktari juu ya chumvi? Natumaini barua hii itawakuta mezani, wazima, na kahawa ikiwa bado ya moto. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Mgongo wa mtu anayetoboa sakafu za zege kwa miaka sita huwezi kuuita mzima, lakini asubuhi unainuka, na mimi siuombi zaidi ya hapo.

Mavuno yameanza. Vumbi la mahindi limeingia hadi kwenye mkate. Ile chupa ya siagi ya matufaa uliyonitumia ilifika bila ufa. Mwenzangu wa kazi, Duane, alimaliza nusu yake kwa kijiko, amesimama, kisha akaniuliza kama aliyeipika ameolewa. Nikamwambia ameolewa, tena mumewe ana bunduki ya kuwindia kulungu. Akasema, "Basi mimi nitaposa chupa."

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma nikiwa kwenye gari la kazi, na sitakudanganya, mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka.

Ngoja niseme nilivyoelewa, unisahihishe nikikosea. Nyumba ya marehemu Mama imepata mnunuzi, Denise Kulp, yule nesi wa zamu ya usiku. Kabla ya kutia sahihi ya mwisho akamleta mkaguzi, Bwana Hafer, naye akapanda paa, akachungulia tanuri la kupasha nyumba joto, akagonga kuta, akafungua mabomba yote. Mwisho akaacha kwenye chumba cha chini ya ardhi mashine ya kupima radoni, ile gesi ya ardhini, ikae siku mbili. Wewe ukatia sahihi kwamba madirisha yatafungwa tangu usiku wa kuamkia kipimo mpaka aje kuichukua. Na asubuhi zote mbili, saa kumi na mbili, ukashuka ukayafungua yote.

Najua kwa nini. Mama alitulea hivyo. Kabla ya kahawa, kabla hata ya sala, hewa. Kwetu bondeni mwanamke asiyefungua madirisha asubuhi alionekana kama hajanawa uso. Na Denise alikuwa anakuja na futi kupima mahali pa kitanda chake, wewe ungemkaribishaje mgeni kwenye hewa iliyolala? Mikono yako ilifungua kabla kichwa hakijakumbuka. Watu wengine hufungua ili wadanganye. Wewe ulifungua kwa adabu.

Lakini mashine haijui adabu. Inaandika saa kwa saa. Usiku iliandika kumi na tisa, saa moja asubuhi ikaandika tatu, na joto la chumba likashuka papo hapo. Siku ya pili vilevile. Hafer akaandika kwamba kipimo kimechezewa. Kisha Denise akakuuliza pale mlangoni, "Bi. Arlene, mimi ningelala humo. Ulikuwa unajua?" Nawe ukaniandikia maneno haya, nayarudisha kama yalivyo: "Miaka hamsini na sita sijaiba hata pini, Wilmer, leo naitwa tapeli ndani ya nyumba ya mama yangu."

Iliniuma. Inaniuma hata sasa ninapoandika.

Sasa unataka kuachana na Denise umtafute mnunuzi asiyepima. Lester naye anataka mwonyeshe Denise karatasi ya kipimo cha Baba cha mwaka 1988, iliyoandikwa mbili tu, ili maneno yaishe. Na mzaha wake nimeusoma pia, eti tuwauzie nyumba pamoja na upepo. Mwambie nimecheka. Halafu mwambie hapana. Nimelifikiria siku tatu, Arlene, na jibu langu ni hapana kwa yote mawili.

Mimi si msomi, lakini kuondoa radoni majumbani ndiyo kazi yangu, na kitu hiki nakijua kwa magoti yangu. Radoni inatoka ardhini, kwenye mawe yaleyale tuliyokuwa tukiyaokota shambani kila masika, na inapenya kwenye nyufa za sakafu. Haina harufu. Haina rangi. Haimkohozi mtu siku hiyohiyo, ila miaka ikipita inaleta saratani ya mapafu. Ukifungua dirisha inatoka, ukifunga inarudi kabla hujaandaa chakula cha jioni. Serikali inasema ikifika nne itengenezwe. Ikifika kumi na tisa hata Duane anaacha mzaha.

Na wadanganyifu nimewaona. Mwezi uliopita mzee mmoja huku aliifungia mashine kwenye friza, katikati ya nyama ya kulungu. Duane akamuuliza, "Babu, unauza nyumba au unauza friza?" Yule mzee akasema, "Ninyi vijana mnauza woga." Alijua anachofanya. Wewe hukujua. Ukimkimbia Denise sasa utafanana na yule mzee, na sitaki ufanane naye.

Tena mfikirie huyo Denise. Anatoka hospitali asubuhi, anashuka kule chini kwa sababu kuna giza, anafunga dirisha, anavuta pazia zito, analala saa nane. Kila siku, miaka mingapi? Hatakuwa na Mama wa kumfungulia.

Sasa naja kwenye karatasi ya Baba. Kama umesimama, kaa.

Unakumbuka majira yale ya baridi, watu wa zimamoto walipogawa vile vikopo vya mkaa vya kupimia? Wewe na Lester mlikuwa mmeshahamia kwenu. Baba alikiweka chetu kule chini na kutangaza kwamba kwa siku tatu mtu asiguse dirisha. Mama alitii, ingawa alizunguka nyumba kama mtu aliyenyimwa maji. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, kazi ya kiwandani imenitoka, nalala kule chini, na navuta sigara kwa siri. Moshi ungepanda hadi jikoni. Kwa hiyo nililifungua lile dirisha la kaskazini, nyuma ya makreti ya chupa, mahali ambapo Baba asingeweza kuliona. Sikulifunga tena mpaka kikopo kilipochukuliwa. Siku tatu zote, Arlene.

Karatasi ikaja imeandikwa mbili tu. Baba alifurahi utadhani amefaulu mtihani. Akaikunja, akaiweka kwenye droo ya vipuri vya saa. Na alipostaafu akaihamishia kule chini meza yake ya kutengenezea saa, akakaa pale kila majira ya baridi kwa karibu miaka ishirini, dirisha limezibwa kwa matambara ili asipigwe na upepo. Mama alipotaka kulifungua, Baba alimwambia, "Mama, hapa pamepimwa." Nilikuwepo aliposema hivyo. Nilikuwa nakula.

Baba hakuvuta sigara hata moja maishani mwake. Mwaka 2009 mapafu yakamwondoa. Watu walisema ni vumbi la kiwandani, na huenda ndivyo. Daktari hakusema, na mimi niliyeacha shule darasa la kumi sina elimu ya kusema. Ila hili ninalijua bila elimu: alikaa pale kwa sababu aliiamini karatasi, na aliiamini kwa sababu mimi nilinyamaza.

Nilikuwa nimesahau, niamini. Nilianza kazi hii mwaka uliofuata, nikitafuta mshahara tu. Nyumba ya kwanza msimamizi alitusomea masharti ya kipimo, lile la madirisha likiwa la kwanza. Nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo. Wakadhani nimeugua. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu, hata Duane, ambaye nimemwambia mambo mabaya zaidi. Wewe ndiye wa kwanza. Ukinikasirikia ni haki yako. Lakini nikasirikie baada ya kufanya haya ninayokuomba.

Mpigie Hafer simu ukimaliza kusoma barua hii. Mwambie arudi apime upya, na madirisha yafungwe. Siku hizo usilale pale wala usipite pale asubuhi, maana mikono yako naijua. Mpe ufunguo na uende kwa Shangazi Verna ukamsaidie na maboga yake. Namba itakayotoka, iwe kubwa kiasi gani, mpelekee Denise wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Usimtume dalali.

Mimi nitafika Ijumaa, tarehe 21. Nimeshaomba ruhusa na Duane amenipa pikapu yake na drili kubwa. Anasema anadai chupa mbili. Nitatoboa sakafu pale kwenye kona ya tanuri, nitachimba shimo kwa mkono, nitaziba nyufa zote, na nitapandisha bomba mpaka juu ya paa, na feni ya kuivuta ile hewa ya ardhini na kuitupa angani. Feni hiyo itazunguka usiku na mchana. Huwezi kuisikia ukiwa umelala. Nyumba bado ni yetu wawili, kwa hiyo naweza kuitengeneza mwenyewe. Kupima mara ya mwisho nitamwachia Hafer, ili mtu asiseme Wilmer amejisahihishia mtihani.

Lester atasema tunaitengenezea nyumba mtu mwingine. Ni kweli. Kazi hii nimewafanyia wageni mia nne wa Iowa ambao siwajui majina. Nyumba moja tu ndiyo niliyokuwa na deni nayo, na hiyo sijaigusa.

Denise akikataa kusubiri, au akikataa nyumba kabisa, sawa. Bomba litawekwa vilevile. Atakayekuja baada yake naye ana mapafu.

Karatasi ya Baba usimwonyeshe. Usiichome pia, nataka kuiona kwa macho yangu. Mwonyeshe barua hii. Yote, pamoja na ukurasa huu. Aone kwamba wewe ulikosa kwa usafi, na kwamba kama kuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuchezea kipimo, ni mimi, na jina langu liko hapa chini.

Nisalimie Shangazi Verna, mwambie safari hii nitakula hata kabeji yake. Nisalimie majirani wa kule juu kilimani, na mchungaji, na mbwa wenu mzee kama bado anapumua. Lester msalimie mara mbili, utaona kwa nini. Mungu akulinde wewe na goti lako, na amlinde yeyote atakayelala ndani ya nyumba ile.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda tangu uliponibeba mgongoni,

Wilmer Reppert

Nimesahau moja, na ni la muhimu. Lile dirisha la kaskazini halifungi vizuri kwa sababu ndoano yake imepinda. Baba alimlaumu Lester kwa ndoano ile mpaka alipofariki. Niliipinda mimi, kwa koleo, siku ile, maana ilikuwa imeganda. Mwombe Lester aniwie radhi, kisha ashuke na nyundo ainyooshe kabla Hafer hajaja, ili safari hii lifunge kabisa.