Mkwe wa Kwenye Gome

4 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, mimi, mama yako na msumeno wangu. Vipi wewe na masomo yako ya mimea?

Tajiri wa mbao amenunua miti yote ya korongoni, nasi mafundi tumeimaliza. Usishtuke! Mti wako ulioniomba niutunze niliufunga kitambaa chekundu, nikawaambia wenzangu atakayeugusa atanitambua. Mkwe wangu yupo palepale kwenye gome. Wenzio huleta wachumba wenye miguu, wewe umeniletea kimea kisichozidi ukucha. Haya, tumempokea.

Korongo limekuwa jeupe, mti wako unauona tangu barabarani.

Baba yako

19 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini nyote hamjambo. Mimi si mzima wa roho.

Kimea kile hakina mizizi, hakina ngozi ya kukinga jua. Kinakunywa unyevu wa hewani, na hewa ya korongoni ilikuwa mbichi kwa sababu ya kivuli cha miti mliyoiangusha. Mimi na walimu wangu hatujakipata mahali pengine popote. Bora ungeukata na huo mmoja kuliko kuniambia umenitunzia.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Hatujambo, ila barua yako imenikosesha usingizi. Mimi mtu wa mbao. Ulisema nitunze mti, nikatunza mti.

Mkwe amekuwa kahawia, kingo zimejikunja. Kila siku jua likiwa kali nachota maji kijitoni, napanda ngazi, namnyunyizia. Wenzangu wanasema mzee amekuwa yaya wa gome. Wacheke tu. Niandikie kama maji yanatosha au kuna dawa.

Baba yako

27 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu. Wino umekuishia, au ni mimi nimekuishia? Natania, lakini inaniuma.

Naona maji peke yake hayafui dafu. Nimeazima turubai, nitamfungia kivuli.

Baba yako

11 Aprili

Baba yangu, shikamoo.

Uko salama? Nilinyamaza kwa hasira, nisamehe.

Tafadhali acha maji, acha turubai, usipande tena ngazi ile. Kikishakuwa kahawia namna hiyo kimekufa, Baba, na hakuna dawa. Nilikwambia mti, sikukwambia kivuli. Utajuaje jambo ambalo hukuambiwa? Hukunikosea.

Likizo nakuja, na sifuati mti. Nakufuata wewe.

Mwanao akupendaye

12 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mama yako ni mzima. Mimi naandika nimelala hospitalini, usione ajabu mwandiko kupinda.

Barua yako bado sijaiona, nikasema nisikae bure. Juzi nilipanda na turubai, ngazi ikateleza. Daktari anasema mgongo umevunjika. Miguu siisikii, na hanifichi kwamba sitasimama tena.

Usilie. Fundo la mwisho nilikuwa nimeshalikaza kabla sijaanguka, na turubai limeshika barabara. Kivuli kipo sasa. Mama yako ndiye anayebeba ndoo. Leo amerudi akasema ameona kijani kidogo pembeni, nikafurahi mpaka muuguzi akaniuliza kuna nini.

Najua bado umekasirika. Lakini ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili, uniambie kama nimekuokolea.

Baba yako